Moja Kati ya Elfu Mbili Mia Moja Tisini na Saba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Naandika Kiswahili kwa sababu mama husoma kila karatasi anayoikuta nyumbani, na Kiswahili humchosha kabla hajafika mstari wa tatu. Ningeandika Ekegusii, nisingekuwa na siri hata moja.

Niko hapa Ikonge kwa wiki ya pili. Mama, Edinah, aliteleza akitoka mtoni akavunjika mkono wa kulia, na chai haichumwi kwa mkono mmoja. Mkataba wangu wa kufundisha hisabati uliisha Desemba, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Mvua imeanza mapema na majani yanaota kama yanashindana.

Leo kwenye kituo cha kupimia majani ya chai watu nusura wapigane. Wa ng'ambo ya mto huuza asubuhi. Sisi wa upande huu, familia kumi na tatu, huuza mchana. Barabara ikiharibika, lori la kiwanda linakuja na nafasi ndogo. Aliyepimiwa kwanza anapakia, aliyepimiwa mwisho analala na magunia yake, na majani yakilala kwenye gunia yanapata joto na kuwa mekundu, kisha yanakataliwa. Kwa hiyo kila mtu anataka kuwa wa kwanza. Leo Angwenyi, lile jitu la mtu lenye sauti ya ng'ombe, alisukuma gunia la mjane Bathsheba kwa goti na kuweka lake. Bathsheba alilirudisha. Angwenyi akalisukuma tena. Mwenyekiti wetu, Mzee Mathew, alisimama katikati akinukuu Biblia. Haikusaidia.

Jumatano, 12 Machi

Kilo thelathini na moja. Mgongo. Angwenyi tena.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoa wazo, na wazo limekubaliwa. Niko hapa wiki tatu hazijaisha!

Niliwaambia hivi: tuko kumi na watatu, na karata za kopa ni kumi na tatu. Kila siku ya kuuza, Bravin, karani wa mizani, azichanganye kopa kumi na tatu, kila mmoja avute moja. Esi, ile yenye A, ni wa kwanza. Mbili anafuata, tatu, nne, mpaka mfalme anayefunga mstari. Karata haijui nani ana misuli.

"Karata," Mzee Mathew alisema, kama mtu aliyeguswa na kitu chenye utelezi. "Mwalimu, hivyo ni vitu vya kamari. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Hakuna anayeweka dau, Mzee. Ni kupanga mstari tu."

"Leo ni kupanga mstari."

Aliyeniokoa ni Ochoki. Ochoki ni jirani yetu, shemeji yake Bathsheba, mdogo wa marehemu mumewe. Ni mtu wa kuchekesha kiasi kwamba hata mama hucheka huku ameshika mkono wake unaouma. Akasema, "Mzee, hata mitume walipiga kura. Au hiyo sura umeiruka?" Watu wote wakacheka, na Mathew akakubali kwa sharti moja: yeye hatagusa. Bravin atamvutia.

Mzee huyu ana kichwa kigumu. Lakini nimemshinda.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza ya karata. Nilivuta mfalme. Wa mwisho, mimi mwenye wazo! Waliponicheka nilijua wazo limeshika. Hakuna aliyesukuma gunia.

Ijumaa, 21 Machi

Nne. Nimepakia mapema, nimefika nyumbani kabla ya mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Lori likichelewa sasa tunacheza kadi halisi chini ya mabati, kwa pakiti yote, bure, tukipoteza muda. Ochoki amegundua kwamba napiga hesabu kichwani na haniachi.

"Mwalimu, tukigawiwa karata nne nne, zangu zote ziwe esi. Ni moja kwa ngapi?"

"Moja kati ya mia mbili sabini elfu, mia saba ishirini na tano."

"Na zote ziwe kopa?"

"Hiyo ni rahisi. Karibu moja kati ya mia tatu sabini na tisa."

Anaziandika nambari hizi kwenye kiganja kwa kalamu ya Bravin na kuwatangazia waliochelewa. Lazima nikiri kwamba napenda. Darasani nilifundisha somo hili miaka mitano na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniomba niendelee. Hapa watu wazima wenye matope hadi magotini wananiita toka upande wa pili wa uwanja: mwalimu, hii nayo?

Mzee Mathew hukaa mbali na benchi, mgongo ametugeuzia.

Ijumaa, 4 Aprili

Bathsheba amepata esi. Alipakia akaondoka. Ana miaka sitini na kitu, anaishi peke yake kando ya mto. Watoto wake wako Nairobi.

Jumatatu, 7 Aprili

Bathsheba tena. Watu walipiga miluzi.

Jumatano, 9 Aprili

Bathsheba, mara ya tatu.

Safari hii hakuna aliyepiga mluzi. Bravin aliishika ile esi akaigeuza mbele na nyuma. Mimi pia, baada ya watu kuondoka, nilizichukua zote kumi na tatu nikazikagua mgongoni moja moja nikitafuta kunjo, alama ya kucha, chochote. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilimshuku. Sikupata kitu. Kisha nikamuuliza Bravin kama anachanganya vizuri.

"Mwalimu, nachanganya hadi vidole vinauma. Na yeye alivuta wa tisa leo, Jumatatu alivuta wa pili. Ningempangia vipi?"

Kweli. Basi ni bahati.

Ochoki alinisindikiza hadi njia panda. "Sasa mwalimu, nipe hiyo ya leo. Bathsheba kupata esi mara tatu zikifuatana, ni moja kwa ngapi?"

Kumi na tatu mara kumi na tatu mara kumi na tatu. Sikuhitaji hata kufunga macho. "Moja kati ya elfu mbili mia moja tisini na saba."

"Elfu mbili," alisema taratibu. Hakucheka. Akaiandika kiganjani.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama amerudi kwa jirani na sura iliyofungwa. Ameniuliza, "Wewe ndiye uliyesema Bathsheba hawezi kupata esi mara tatu bila dawa?"

"Nani anasema hivyo?"

"Kila mtu. Wanasema mwalimu amepiga hesabu, ni moja kwa elfu mbili na kitu. Wanasema hata hesabu imekataa kwamba ni bahati." Kisha akalitaja lile neno, kwa sauti ya chini, hapa ndani ya nyumba yetu wenyewe: omorogi. Mchawi.

Nimekaa na daftari tangu adhuhuri. Nambari yangu ni sahihi. Swali ndilo bovu, na nililijibu kwa majivuno bila kuliangalia. Ochoki aliuliza juu ya Bathsheba peke yake na siku hizo tatu peke yake, baada ya mambo kutokea. Lakini tuko kumi na watatu, na tutavuta karata mara arobaini na tano hivi mpaka mwisho wa Juni. Swali la haki ni hili: kuna nafasi gani kwamba mtu yeyote kati yetu, wakati wowote katika msimu huu, atapata esi mara tatu mfululizo? Nimeipiga mara mbili. Ni karibu moja kati ya tano.

Moja kati ya tano! Si muujiza. Ni kitu cha kawaida kabisa, ambacho kingempata yeyote. Kesho nitawaeleza wote na mambo yataisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Hayajaisha.

Nilisimama kabla ya kuvuta. Nilieleza vizuri, kwa Ekegusii, kwa mifano, na niliona vichwa vikiitikia. Nikasema, "Na leo Omong'ina Bathsheba, mama yetu huyu mzee, ana nafasi ile ile kama mimi, kama Angwenyi, moja kati ya kumi na tatu. Karata haikumbuki ya juzi." Nilikuwa najiamini. Ningesimama hivyo mbele ya wakaguzi wa elimu.

Bathsheba hakutaka kuvuta. Alisema ataenda mwisho tu, haina shida. Mimi ndiye niliyemsihi. Nilimwambia akikataa watu watasema anaogopa. Akaivuta karata bila kuiangalia, akanipa mimi.

Esi ya kopa.

Mvua ilikuwa inagonga mabati. Kisha Angwenyi akasema lile neno waziwazi, na mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na Bathsheba akavuta gunia lake pembeni ili lisigusane na la Bathsheba. Nilimtafuta Ochoki kwa macho nikidhani atasema mzaha wa kutuokoa. Alikuwa anatazama chini, na niliona kwamba hakushangaa. Alikuwa anasubiri.

Bathsheba aliacha majani yake hapo hapo akaenda nyumbani. Mzee Mathew alilibeba gunia lile hadi kwenye mizani, akampa Bravin, akasubiri hadi likaandikwa kwa jina la Bathsheba.

Jumamosi, 12 Aprili

Sabato. Kanisani watu wawili walihama benchi Bathsheba alipoketi. Mama alitoka alipokuwa, na mkono wake kwenye kitambaa, akaenda kuketi naye.

Jumapili, 13 Aprili

Asubuhi tulikwenda kwa Bathsheba na uji. Tulimkuta Mzee Mathew ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, Biblia magotini, panga kando. Amekuwa hapo tangu alfajiri. Yeye ndiye aliyeikuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa udongo.

Alinipa nikaisoma. Imeandikwa kwa herufi kubwa.

MOJA KATI YA 2197. SIKU SABA. HAMA.

Nambari yangu. Hakuna mtu katika kijiji hiki ambaye angeitunga; ilitoka kinywani mwangu. Nilimwambia Mzee Mathew hivyo.

"Mwalimu," alisema, "sipendi karata zako. Hilo halijabadilika. Lakini hii karatasi siipendi zaidi. Keti."

Nikaketi. Akanieleza kitu ambacho kila mtu hapa anajua isipokuwa mimi niliyekulia shule za bweni. Mumewe Bathsheba alipofariki, Ochoki alisema mistari sita ya chai kando ya mto ni ya kwake kwa haki ya ukoo. Wazee walikaa mara mbili. Mara zote mbili walimpa Bathsheba. "Mtu akiitwa omorogi akahama," alisema Mathew, "hakuna anayeuliza mipaka ya shamba lake."

Na mimi nilidhani kwamba mzee huyu ni mgumu na Ochoki ni mwepesi. Wiki sita nimewapima watu hawa kwa nani anacheka na utani wangu.

Ndani, Bathsheba alikunywa uji wote. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Hiyo hesabu yako, binti yangu, inaweza kuonekana? Hawa hawaamini cha kusikia."

Nimerudi nyumbani nikiliwaza hilo neno. Kuonekana.

Jumatatu, 14 Aprili

Mimi na Mzee Mathew tumekwenda kwa naibu wa chifu. Aliisoma karatasi, akaiweka kwenye faili, akasema Jumatano atakuja kituoni mwenyewe. Nikamweleza ninachotaka kufanya. Alikuna kidevu. "Mwalimu, na ikikataa?"

"Hesabu haiwezi kukataa, bwana. Karata ndizo zinaweza."

Kituoni hatukuvuta karata leo. Bathsheba hakuja; majani yake niliyapeleka mimi. Angwenyi alinipisha njia mbali kidogo, nikajua tayari nami nimo kwenye orodha ya wanaoogopwa.

Jumanne, 15 Aprili

Kuvuta mara mia moja na ishirini. Kila mtu atapata esi kama mara tisa, lakini si sawasawa: mmoja atapata nne, mwingine atapata kumi na nne, na hakuna atakayekuwa amefanya chochote. Hilo nina uhakika nalo. Mtu kupata mara tatu mfululizo: arobaini na saba kwa mia. Chini kidogo ya nusu.

Nitawaambia ukweli kwamba ni chini ya nusu. Sitamtetea mtu kwa uongo, nimekwishamdhuru kwa ukweli nusu.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika yote.

Mvua kubwa tangu saa sita, lori limekwama njiani, Bravin amepigiwa simu kwamba labda lifike saa kumi na moja. Kwa mara ya kwanza niliishukuru barabara ile. Watu wote walikuwa wamebanana chini ya mabati, hawana pa kwenda. Naibu wa chifu alikuja na mwavuli na buti. Alisema mambo mawili: aliyeandika karatasi ametenda kosa la jinai, na atakayemgusa Bathsheba atalala ndani. Kisha akasema, "Mwalimu ana neno," akaketi juu ya gunia.

Bathsheba alikuwepo. Alikuja na mama yangu, wameshikana, mkono mmoja mzima wa mama na mkono wake.

Niliwaambia, "Ijumaa niliongea. Leo siongei. Tutavuta karata mara mia moja na ishirini, sisi kumi na watatu, na kila mara tutaandika nani amepata esi. Bravin atachanganya, naibu wa chifu atakata. Mimi sitazigusa ila yangu. Nataka muone bahati inavyotembea ikiachwa itembee."

"Na ikimfuata yeye tena?" aliuliza Angwenyi.

"Mara moja moja itamfuata. Itakufuata na wewe."

"Na huyo wa mara tatu?"

"Anaweza kutokea, anaweza asitokee. Ni chini ya nusu kidogo. Siwezi kukuahidi."

Ochoki alitabasamu. "Basi hesabu gani hiyo, mwalimu, isiyojua?" Watu wachache walicheka, si kama zamani.

Nafasi ya Mzee Mathew ilipofika, Bravin alinyoosha mkono kumvutia. Mzee akamzuia. Alivua kofia, akaipangusa mikono yake kwenye koti, akavuta karata kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa tisa. Aliitazama kwa muda. "Ndiyo hii tu?" aliuliza, na safari hii watu walicheka kwelikweli.

Mizunguko kumi ya kwanza ilikwenda pole pole. Kufika ishirini tulikuwa tumepata mwendo: karata zinawekwa chini kwenye meza ya kukagulia majani, mkono mmoja kila mtu, zinageuzwa pamoja, Bravin anaita jina, naibu wa chifu anaweka alama. Kufika arobaini watu walikuwa wanapiga kelele. Bathsheba alikuwa na esi mbili. Mzee Mathew alikuwa na saba na jasho usoni. Mkewe alimwambia kwa sauti kwamba Jumamosi atamsemea kanisani. Mimi nilikuwa na moja. Niliona wanaume wakiinama kusoma orodha, wakihesabu alama za Bathsheba kwa kidole, wakirudia kuzihesabu.

Kisha, mzunguko wa sabini na moja, Bravin akaita, "Angwenyi!"

Sabini na mbili. "Angwenyi!"

Kelele zilipungua. Bravin alichanganya kwa muda mrefu kuliko kawaida, naibu wa chifu akakata mara mbili. Zikapangwa. Mikono kumi na mitatu. Zikageuzwa.

Esi ilikuwa mbele ya Angwenyi.

Aliruka nyuma kana kwamba karata ingemuuma, akagonga nguzo kwa mgongo. Lile jitu lilikuwa limepauka midomo. "Mimi sijafanya kitu!" alisema. "Jameni, mmeniona. Mikono yangu hii. Sijafanya kitu!" Akaanza kukunja mikono ya shati aonyeshe ngozi. Na mtu aliyekuwa bega kwa bega naye alishasogea, hatua moja, bila hata kujua kwamba amesogea. Angwenyi aliiona ile hatua. Nadhani sitausahau uso wake alipoiona.

Ndipo Bathsheba akaongea, kwa mara ya kwanza mchana ule.

"Angwenyi. Sasa ni wewe. Utahama lini?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tarehe. Angwenyi akaketi chini kwenye saruji yenye maji na kufunika uso. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa na sentensi nzuri ya kusema hapo, juu ya moja kati ya tano na moja kati ya elfu mbili. Niliimeza. Haikuhitajika.

Mzee Mathew alisema, "Bravin, changanya. Bado arobaini na saba." Tukamaliza zote. Mzee Mathew alipata esi kumi na nne, akaongoza. Angwenyi kumi na moja. Mimi nne. Bathsheba nane.

Naibu wa chifu aliipitisha orodha mikononi, kila mtu aishike. Ilipofika kwa Ochoki aliitazama kidogo tu akaipitisha. Naibu wa chifu akamwita pembeni. Walizungumza kando ya mizani na mvua ilikuwa nzito, sikuwasikia. Nilimwona Ochoki akionyesha kiganja chake, kitupu, na kutikisa kichwa.

Lori lilifika saa kumi na moja na nusu. Hatukuwa tumepanga mstari wa kupima. Watu walisimama tu wakitazamana, kisha yule mwanamke aliyevuta gunia lake Ijumaa akalichukua gunia la Bathsheba na kulipeleka mbele.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama amesikia habari yote mara tatu. Leo akipika chai aliniuliza, "Lakini kwa nini hamkufanya zamu tu? Leo huyu wa kwanza, kesho yule, mpaka kumi na watatu, kisha mnarudia?"

Nilikaa na kikombe mkononi. Digrii nzima ya hisabati.

"Sikufikiria," nilisema.

"Naona," alisema mama.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka, na siku ya saba ya ile karatasi. Tumeshinda kwa Bathsheba tangu asubuhi mpaka jua kuzama, watu tisa, tukipukuchua mahindi barazani kama wageni wa kawaida. Hakuna aliyekuja kumfukuza. Ochoki amemkubalia naibu wa chifu kwamba yeye ndiye aliyeanzisha maneno; karatasi anasema si yake. Labda kweli. Kiganja chake kilipita kwa watu wengi. Sitajua, na nimeacha kutafuta.

Kabla sijaondoka nilimwomba Bathsheba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa kwa maneno mazuri. Alinikatiza.

"Uliulizwa ukajibu. Siku nyingine, kabla ya kujibu, mtazame anayeuliza."

Jumatano, 23 Aprili

Zamu imeanza. Zile karata Mzee Mathew ameomba abaki nazo. Hakusema za nini na sikuuliza.

Ijumaa, 2 Mei

Barua ya kazi imekuja: shule ya sekondari upande wa Nyacheki, kuanzia wiki ijayo. Mkono wa mama umefunguliwa plasta. Nimeshafikiria somo la kwanza. Sitaanza na kanuni. Nitaanza na swali: nani anauliza, na anataka jibu la nini?

Jumatano, 7 Mei

Siku yangu ya mwisho hapa.

Chai ya Bathsheba upande wa mtoni ilikuwa imeota ovyo. Kwa wiki tatu aliogopa kwenda kule peke yake. Mzee Mathew aliitisha risaga, kazi ya pamoja ya majirani, sisi wale kumi na watatu, tumchumie asubuhi moja tumalize. Kabla ya kwenda nilipiga makisio yangu, siwezi kuacha. Bila Bathsheba tuko kumi na wawili. Nilisema watakuja sita.

Kufika saa mbili tulikuwa kumi. Angwenyi alikuwa wa kwanza kufika, na kikapu kikubwa kuliko vyote, hakumtazama mtu. Mama alichuma kwa mikono miwili, polepole, akilalamika kwa furaha. Nimekosea karibu maradufu, na sijawahi kufurahia kosa hivyo.

Saa tatu na kitu Ochoki alitokea kwenye njia ya juu. Alisimama ukingoni mwa ile mistari sita, kikapu tupu mgongoni. Mazungumzo yalikatika mstari kwa mstari mpaka tukawa tunasikia mto. Mzee Mathew alinyooka. Bathsheba hakunyooka. Aliendelea kuchuma.

"Shemeji," alisema Ochoki.

Vidole vya Bathsheba havikusimama. "Mstari wa chini hauna mtu."

Ochoki alishuka, akaanza. Alichuma haraka kama mtu anayekimbizwa. Baada ya muda Bathsheba alimfuata, akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa konzi ya majani, akayachambua kwenye kiganja huku sote tukitazama. Manne akayatupa chini.

"Majani mawili na chipukizi, Ochoki," alisema. "Si matatu. Hapa hatuchumi hivyo."

Akarudi mstarini kwake.